7 Julai ina wenyewe wengi: nianze na nani?

*Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nalea klabu ya Kiswahili na Historia. Kila mwaka tunaandaa ubao wa "Siku kama ya leo" kwa ajili ya 7 Julai, pamoja na kipindi kifupi kwenye mstari wa asubuhi. Mwaka huu wanafunzi wameleta orodha ndefu waliyoitoa kwenye makundi ya WhatsApp: kuzaliwa kwa TANU (chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika), TANU kutangaza Kiswahili lugha ya taifa, Siku ya Kiswahili Duniani kutangazwa na UNESCO, Saba Saba ya Kenya, kusainiwa kwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mabomu ya London, uhuru wa Visiwa vya Solomon, vita vya China na Japani, na mengine. Mmoja ameuliza kama namba 7 ina nguvu fulani. Mwalimu mwenzangu anayetoka Kenya hataki ngoma siku hiyo kwa sababu kwao ni siku ya waliouawa. Mkuu wa shule anasema tuchague tukio moja tu tuepuke mabishano. Je, haya yote yalitokea kweli siku hiyo? Ni sadfa? Na niyapange vipi bila kumuumiza mtu wala kuwadanganya watoto?*

Mwalimu, swali lako limefunga mambo matatu pamoja: kama matukio hayo ni ya kweli, kwa nini yameangukia siku moja, na namna ya kuyaweka mbele ya wanafunzi. Mengi kwenye orodha ni ya kweli. Mawili yameandikwa vibaya na moja limetiwa chumvi. Namba 7 haina nguvu yoyote, ila pia usiseme kwamba kila kitu ni sadfa, kwa sababu baadhi ya matukio hayo ni ndugu, moja lilizaa jingine, na mengine ni majirani tu waliokutana kwenye ukurasa mmoja wa kalenda. Kumwonyesha mwanafunzi yupi ni ndugu na yupi ni jirani ndilo somo lenyewe, na lina faida kuliko orodha yoyote.

Tuanze na makosa, maana hayo ndiyo yatakayobandikwa ukutani yakadumu.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haukusainiwa 7 Julai. Ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ulianza kutumika 7 Julai 2000. Kati ya tarehe hizo kuna miezi saba ya kazi ya karatasi: mkataba wenyewe unasema utaanza kutumika baada ya nchi zote wanachama kuuridhia na kukabidhi hati za kuridhia kwa Katibu Mkuu. Kwa hiyo 7 Julai ni tarehe ya kweli katika historia ya Jumuiya, ila si ya kalamu na wino mbele ya wapiga picha. Ukiandika "ulisainiwa", mwanafunzi atakayekutana na 30 Novemba siku nyingine, ambayo ndiyo Siku ya Jumuiya, atadhani kimoja kati ya vitabu vyake kinadanganya.

UNESCO nayo haikutangaza Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai. Uamuzi ulipitishwa Paris tarehe 23 Novemba 2021, katika Mkutano Mkuu wa 41 wa shirika hilo, na siku iliyochaguliwa ndiyo 7 Julai. Maadhimisho ya kwanza yakawa 7 Julai 2022. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua siku hiyo. Hapa watu huteleza pia kwenye hesabu. Kwa kuwa mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza, 2023 ni maadhimisho ya pili, na 2026 ni ya tano ingawa imepita miaka minne tu tangu yale ya kwanza. Ukiona bango linasema "miaka mitano" mahali penye "mara ya tano", lirekebishe.

Lililotiwa chumvi ni hili la TANU kutangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1954. Chama hakina mamlaka ya kutangaza lugha ya taifa, na mwaka huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ikitawaliwa na Uingereza. TANU ilikishika Kiswahili kama chombo cha kuwaunganisha watu katika kudai uhuru, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyoifanya UNESCO kuichagua tarehe hiyo. Kiswahili kushika nafasi ya lugha ya taifa kulikuja baada ya uhuru. Sentensi ya ubaoni ikisema "TANU ilikitumia Kiswahili kama silaha ya umoja", umesema kweli na hujapunguza sifa ya mtu.

Baada ya kusafisha hayo, tuone kwa nini tarehe moja inabeba mambo mengi. Kuna njia tatu, na mara nyingi zote hufanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni hesabu tupu. Mwaka una siku 365 tu, na historia ina matukio yasiyohesabika. Ukichukua matukio 1,000 yenye tarehe na kuyatawanya bila mpango, kila siku ya mwaka itapata wastani wa 2.7. Ukiwa na kitabu cha matukio 50,000 ya dunia nzima, kila siku itapata kama 137. Kwa hiyo hakuna tarehe iliyo tupu. Wanafunzi watalielewa hili wakilijaribu darasani. Waulize: katika kundi la watu 23, kuna uwezekano gani wawili wawe wamezaliwa siku moja? Wengi watasema mdogo sana. Jibu ni zaidi kidogo ya nusu kwa nusu, kwa sababu watu 23 wanatoa jozi 253 za kulinganisha. Lakini ukitaka tarehe uliyoitaja mwenyewe, tuseme 7 Julai, utahitaji watu 253 ili ufikie nusu kwa nusu ya kumpata angalau mmoja aliyezaliwa siku hiyo. Maswali haya mawili hufanana kwa sura na majibu yake hayafanani. Anayeshangaa kwamba matukio mawili yamegongana huwa anajibu la pili wakati aliloulizwa ni la kwanza. Darasa la wanafunzi 45 linatosha kabisa kulifanyia jaribio.

Uhuru wa Visiwa vya Solomon, 7 Julai 1978, na mashambulizi ya London ya 7 Julai 2005 yaliyoua watu 52, ni majirani wa aina hiyo. Hayahusiani kati yao, wala hayana uhusiano na TANU.

Njia ya pili ni ya makusudi, na katika historia yetu ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Viongozi huchagua tarehe. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 ikawa jamhuri 12 Desemba 1964. Hakuna mtu aliyebahatisha hapo. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni 5 Februari. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilianzishwa Zanzibar 5 Februari 1957. Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa rasmi 5 Februari 1967. Kisha TANU na ASP zikaungana kuwa CCM 5 Februari 1977. Miaka 20, matukio matatu, siku moja. Muungano wa vyama uliwekwa siku ya kuzaliwa kwa mmoja wao, ambayo pia ilitimiza miaka kumi ya Azimio. Tarehe hapo inatumika kama hoja ya kisiasa: inasema kipya ni mtoto halali wa cha zamani. Mwanafunzi akiuona mfano huu mmoja, atazitazama sikukuu zote kwa jicho jingine.

7 Julai ina undugu wa namna hiyo kwenye mstari mmoja tu: TANU 1954 ikazaa sikukuu ya Sabasaba, na TANU hiyohiyo ikatoa sababu ya Siku ya Kiswahili Duniani. Sabasaba yenyewe imebadilika maana mara kadhaa bila kubadili tarehe. Ilikuwa siku ya chama, ikajulikana pia kama siku ya wakulima, kisha wakulima wakahamia Nanenane, 8 Agosti, na 7 Julai ikabaki na Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam kwenye viwanja vya barabara ya Kilwa. TANU ilikoma Februari 1977, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na sikukuu bado ipo. Mtoto aliyezaliwa juzi anajua Sabasaba ni kwenda kupanda bembea na kununua sufuria, na hana kosa. Mwonyeshe tabaka zilizo chini yake.

Njia ya tatu ni ya kiofisi. Sheria na mikataba hupenda kuanza siku ya kwanza ya mwezi, na kwa nchi zetu hasa 1 Julai, mwaka mpya wa fedha. Rwanda na Burundi zilipata uhuru 1 Julai 1962, zikaingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki 1 Julai 2007. Soko la Pamoja la Jumuiya lilianza 1 Julai 2010. Vyama vingi Tanzania vilirejea kisheria 1 Julai 1992. Ukiona tarehe mosi, washuku makarani kwanza kabla ya kuishuku nyota.

Sasa Saba Saba ya Kenya, ambayo ndiyo inayokuumiza kichwa. Tarehe 3 Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili mawaziri wa zamani, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi, wakaitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali ikaupiga marufuku, na 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Watu walikwenda Kamukunji bila wao. Polisi wakatumia nguvu, ghasia zikaenea siku kadhaa hadi miji mingine, watu wakauawa. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Siku hiyo si sikukuu ya kitaifa Kenya. Ni siku ya kumbukumbu na maandamano, na mwaka 2025 damu ilimwagika tena tarehe hiyohiyo. Mwenzako anapokataa ngoma, anajua anachokisema.

Kwenye mitandao utakuta watu wanaandika kwamba Matiba na Rubia waliiga Sabasaba ya TANU. Usiliandike hilo hadi uwe na maneno yao wenyewe mkononi. Lililo wazi ni kwamba 7 Julai 1990 ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wafanyakazi wengi hupata nafasi ya kwenda mkutanoni, na kwamba jina la namba mbili zinazofanana hushika mdomoni. Wachina nao huiita kwa namba hizo siku ya 7 Julai 1937, yalipotokea mapigano ya Daraja la Marco Polo karibu na Beijing yaliyofungua vita kamili kati yao na Japani. Japani kwenyewe siku ya saba ya mwezi wa saba ni sherehe ya nyota, Tanabata. Namba iliyorudiwa inakumbukika, basi matukio yake hutajwa zaidi kuliko ya tarehe 19 au 23. Huo ndio "uwezo" wote wa namba 7, na hapo mwanafunzi wako atakuwa amejibiwa.

Kuna mtego mwingine mkubwa: tarehe mbili zenye jina moja zinaweza zisiwe siku moja. Mfano unaosambaa kila Aprili ni kwamba Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja, 23 Aprili 1616. Si kweli. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori na Uingereza ilikuwa bado kwenye ile ya Juliasi, nyuma kwa siku 10. Cervantes alifariki 22 Aprili na akazikwa 23, na 23 Aprili ya Shakespeare kwa kalenda tunayoitumia leo ni 3 Mei. Hili linatuhusu hata huku pwani. Vasco da Gama alifika Mombasa 7 Aprili 1498 na Malindi 14 Aprili kwa kalenda ya Juliasi, na wakati huo tofauti ilikuwa siku 9. Ukitaka kuyalinganisha na msimu wa pepo, ongeza hizo 9. Ukiyaweka ubaoni, acha tarehe kama ilivyoandikwa zamani na useme ni ya kalenda gani. Usichanganye mbili.

Kalenda ya Hijria nayo ina mwaka wa siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu zake husogea nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya ofisini na huzunguka mwaka mzima kwa takriban miaka 33. Mwaka 2024, kwa kalenda ya Saudi Arabia, 7 Julai ilikuwa 1 Muharram 1446, mwaka mpya wa Kiislamu. Siku hiyohiyo TANU ilikuwa inatimiza miaka 70 tangu kuzaliwa na Kiswahili kinaadhimishwa kwa mara ya tatu. Kwingine, mwezi ulipohesabiwa tofauti, mwaka mpya ulikuwa kesho yake. Mgongano wa namna hiyo ni wa mwaka mmoja tu, hivyo usiuandike kana kwamba unarudi kila mwaka. Na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, unaoangukia Julai hiyohiyo, unafuata hesabu ya Nairuzi ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza ya mwaka mrefu. Hesabu ya namna hiyo huachana na kalenda yetu kwa siku moja kila miaka minne.

Halafu kuna usiku. Mapinduzi ya Zanzibar yalianza usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, Jumapili. Mzee wa pwani anaweza kukuambia "usiku wa Jumapili" akimaanisha usiku uliotangulia mchana wa Jumapili, kwa sababu kwake siku huanza jua likizama. Kijana wa leo akisikia hivyo ataandika Jumapili usiku, na tukio litahamia 13. Kila tukio la usiku liandikwe kwa namna moja, "usiku wa kuamkia tarehe fulani", na wanafunzi wafundishwe kumuuliza mzee: kulikucha siku gani? Mapigano ya Marco Polo yalitokea usiku, ndiyo maana vitabu vingine vinaandika 7 na vingine 8.

Kuhakiki orodha yako hakuhitaji vifaa. Chukua kadi moja kwa kila tukio, ya ukubwa wa nusu karatasi ya A4. Juu andika tarehe kamili kwa maneno, "7 Julai 1954". Usiandike kwa mikwaju, maana 7/8 kwa Mmarekani ni 8 Julai na kwetu ni 7 Agosti. Kwa 7/7 huoni tatizo, ila likiingia kwenye kadi ya jirani yake utahangaika. Chini ya tarehe andika kitenzi kimoja tu: kuanzishwa, kutiwa saini, kuridhiwa, kuanza kutumika, kutangazwa, au kuadhimishwa. Mwanafunzi akishindwa kuchagua kitenzi, ujue bado hajalijua tukio. Muungano wetu ni zoezi zuri la kuwanoa: hati zilisainiwa na Nyerere na Karume 22 Aprili 1964, Muungano tunaouadhimisha ni wa 26 Aprili, na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo.

Kisha andika siku ya wiki. Hiki ni kipimo cha haraka cha kunasa uongo. Kwa 7 Julai kanuni ni nyepesi: chukua siku ya wiki ya 1 Januari ya mwaka huo, songa mbele siku 5, na kama ni mwaka mrefu songa 6. Mwaka 1954 ulianza Ijumaa, basi Sabasaba ya TANU ilikuwa Jumatano. Mwaka 1990 ulianza Jumatatu, tunapata Jumamosi. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu na ulianza Jumamosi, tunapata Ijumaa. Simulizi ikisema "ilikuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani" na hesabu ikatoa Alhamisi, ama tarehe ina kasoro ama simulizi.

Mwisho wa kadi, andika ushahidi mmoja ulioandikwa karibu na tukio na mwingine ulioandikwa na mtu asiyemtegemea wa kwanza. Ujumbe uliosambazwa mara 40 ni shahidi mmoja. Ukitumia gazeti la zamani, kumbuka kwamba gazeti la 8 Julai linaeleza mambo ya 7 kwa neno "jana", na gazeti la kila wiki linaweza kuchelewa siku sita. Kosa la kunakili tarehe ya gazeti kama tarehe ya tukio ndilo linalojaza orodha nyingi ninazoziona.

Kuhusu mpangilio, mkuu wako ana hoja. Kipindi cha mstari cha dakika kumi hakibebi matukio manane. Wanafunzi wataondoka na namba tu kichwani. Lakini kuchagua moja na kunyamaza kuhusu mengine kutamfanya mwenzako aone waliokufa wamefagiliwa chini ya mkeka, na wanafunzi watakwenda kuyasoma hayo mengine huko kwenye makundi bila wewe. Ningeshauri mstari uwe na tukio moja kuu na moja la heshima, na ubao ubebe manne au matano.

Kwenye mstari, anza na huzuni. Dakika moja na nusu ya maelezo ya Kamukunji kwa sentensi kavu zisizo na mapambo, kisha dakika moja ya kimya. Halafu mtu mwingine, si yuleyule msomaji, asome aya kuhusu TANU na Kiswahili, na shairi au utenzi ufuate. Ukianza na ngoma halafu ukaomba kimya, watoto watacheka, na hawatakuwa wamekusudia ubaya. Mwulize mwenzako kama angependa kusoma sehemu ya Kamukunji yeye mwenyewe, na akikataa usimlazimishe. Usibandike picha za maiti wala majeruhi, za Nairobi wala za London. Na kwa kuwa 7 Julai ni sikukuu na shule imefungwa, tangazo liseme wazi kwamba kipindi kinafanyika siku ya karibu ya masomo kwa ajili ya 7 Julai. "Siku kama ya leo" iliyotamkwa tarehe 6 au 8 ni kosa mbele ya ubao uliohakikiwa kwa uangalifu wote huo.

Ubaoni, weka TANU katikati, chora mstari kutoka hapo kwenda kwenye sikukuu ya Sabasaba na mwingine kwenda kwenye Siku ya Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Saba Saba ya Kenya zikae pembeni kila moja na maelezo yake, bila mstari. Solomon, London na Marco Polo zinaweza kukaa ukingoni chini ya kichwa "Siku hiyohiyo kwingineko". Mistari hiyo miwili itawafundisha zaidi ya maneno.

Kuna mahali karatasi na simu zitakuishia, na hapo nenda mwenyewe. Ukigombana na vitabu kuhusu tarehe ya tangazo la serikali, omba kuona Gazeti la Serikali kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Kwa ya Visiwani nenda Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, na ukipata nafasi ya kufika Nairobi, Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue. Beba barua ya shule yenye mhuri, kitambulisho na penseli, kwani kalamu ya wino mara nyingi hairuhusiwi mbele ya nyaraka. Nenda na tarehe mbili au tatu zenye utata, sio orodha nzima, na anza Mei, usingoje wiki ya maonyesho. Kwa tarehe za Hijria muulize sheikh wa eneo lako au ofisi ya kadhi jinsi mwezi ulivyotangazwa mwaka huo, usitegemee programu ya simu, kwa sababu nyingi hufuata hesabu ya Saudi Arabia. Na kama shuleni kwako kuna mwanafunzi ambaye ndugu yake aliuawa kwenye maandamano ya karibuni, zungumza na mzazi au mlezi wake ana kwa ana kabla hujabandika chochote, na mwalimu wa ushauri nasaha awepo siku ya kipindi.